Tamasha la piano la majira ya joto ng'ambo: binti aliyejifunzia kinanda cha kanisani ajiandae vipi?

Mwalimu wa Kwaya, Bagamoyo

Shikamooni wakubwa, na wenzangu poleni na kazi. Ninafundisha kwaya na kinanda hapa Bagamoyo, huu ukiwa mwaka wa 12, na sasa mwanafunzi wangu mmoja amenizidi, kwa hiyo nimekuja kuomba msaada wa wanaojua zaidi yangu.

Binti huyo ana miaka 16 na yuko kidato cha nne. Alianza kwa solfa, yaani kuimba kwa do-re-mi, kama wanakwaya wote, akahamia nota za mistari mitano katika likizo moja tu, na leo anapiga fuga ya Bach ya sauti tatu, yaani wimbo ambao sauti huingia moja baada ya nyingine zikiigana, huku kila sauti ikisikika inapoingia na inapopumzika, jambo ambalo mimi mwalimu wake sijaliweza mpaka sasa. Yote hayo ameyapata kwenye kinanda cha umeme cha kanisani chenye vitufe 61. Piano ya kweli, yenye nyundo na nyuzi, ameigusa mara nne tu maishani mwake, zote Dar es Salaam, na kila mara alirudi akisema kwamba vidole vilimuuma na kwamba sauti aliyoikusudia siyo iliyotoka.

Mama yake mdogo, ambaye anafanya kazi Uingereza, ameandika kwamba huko majira ya joto, kati ya Juni na Agosti, hufanyika matamasha ya piano ambako vijana hukaa wiki moja au zaidi, mchana wakifundishwa na jioni wakiwasikiliza wapigaji wakubwa, na kwamba yuko tayari kuchangia gharama. Wazazi wamenijia wakiamini kwamba nitawaelekeza. Nimewaomba wanipe muda niulize, nami nauliza kwenu: mtoto aliyekulia kwenye kinanda chepesi anaweza kupokelewa huko, na akipokelewa atafaidika au atarudi amevunjika moyo? Mama mdogo naye angependa kwenda kusikiliza, lakini hajawahi kuhudhuria onyesho la piano na anaogopa kumwaibisha mtoto kwa kutojua taratibu. Mwisho ni swali la baba yake, ambalo lilinikosesha jibu: je, fedha hizo zisingefaa zaidi kununulia piano iliyotumika, ikakaa hapa hapa Bagamoyo?

Fundi wa Nyuzi, Tanga

Marahaba, Mwalimu. Nianze na swali la baba kwa sababu ndilo linaloingia katika kazi yangu, ambayo ni kutengeneza na kutuni piano, yaani kukaza nyuzi zake zitoe sauti sahihi, hapa Tanga, na mara chache Dar es Salaam.

Wengi hudhani kwamba piano ni kinanda kikubwa zaidi, na dhana hiyo ndiyo iliyoviumiza vidole vya binti. Kitufe cha piano ni wenzo. Ukikibonyeza unarusha nyundo ya mti iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa, na kabla nyundo haijaugusa uzi, mtambo huiachia iende yenyewe, ili irudi upesi na uzi ubaki huru kulia. Tangu hapo kidole hakina amri tena juu ya sauti. Kilichobaki ni mwendo ambao nyundo ilirushwa nao. Kitufe hushuka milimita 10 hivi, na uzito wa gramu kama 50 hutosha kukishusha taratibu. Tofauti yote kati ya mnong'ono na radi hutengenezwa ndani ya milimita hizo 10. Bartolomeo Cristofori wa Florence alilipatia jambo hilo ufumbuzi karibu na mwaka 1700, na mwaka 1821 Sébastien Érard akaongeza mtambo unaoiwezesha nyundo kupiga tena kabla kitufe hakijapanda chote. Kinanda chepesi kina springi tu chini ya kitufe. Mtoto aliyezoea springi husukuma mpaka chini na kuendelea kukandamiza, na akikutana na piano anakandamiza mahali ambapo nyundo imekwisha kuondoka zamani. Nguvu zake zinapotea kwenye mbao, ndiyo maana anaumia. Mwambie hana udhaifu wowote. Ni mazoea, na mazoea ya umri wa miaka 16 hubadilika.

Sasa habari ya kununua. Piano ina nyuzi zipatazo 230, kwa kuwa nota nyingi zina nyuzi tatu tatu, na mvuto wa nyuzi zote kwa pamoja hukaribia tani 20, unaobebwa na fremu ya chuma. Sauti yenyewe hukuzwa na ubao mwembamba ulio nyuma ya nyuzi, na ubao huo hunywa unyevu wakati wa masika, ukatuna, kisha hukauka na kunywea hewa inapobadilika, kila mara ukiivuta piano nje ya tuni. Watengenezaji hupenda unyevu wa hewa ukae karibu na asilimia 40 hadi 50 bila kupandapanda, na kwa pwani yetu, Tanga au Bagamoyo, hilo haliwezekani bila juhudi. Kuna chumvi inayotia nyuzi kutu. Kuna nondo wanaokula sufu ya nyundo, na mchwa mnawajua. Niliwahi kufungua piano ya wima katika nyumba moja iliyo karibu na bahari, ambayo mwenyewe aliinunua kwa picha tu kutoka kwa muuzaji aliyemhakikishia kuwa ni nzima. Nyuzi za besi zilizozungushiwa shaba zilikuwa zimegeuka kijani, na ule mti unaoshika vigingi vya kukazia nyuzi ulikuwa umepasuka ndani, mahali ambapo picha haifiki. Nilikaza uzi mmoja asubuhi, na saa sita mchana ulikuwa umelegea. Yule mama alilia mbele yangu, na sikuwa na la kumsaidia, kwa sababu kuubadilisha mti huo kungegharimu kuliko piano.

Kwa hiyo msinunue piano ambayo fundi hajaifungua na kuvipima vigingi. Mkiipata nzima, iwekeni kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha linalotazama bahari, na ituniwe angalau mara mbili kwa mwaka, mara moja ikiwa baada ya masika. Mafundi wa zamani waliwasha taa ndogo ya umeme chini ndani ya piano ya wima ili kufukuza unyevu, na njia hiyo bado inafaa ikifanywa kwa uangalifu, taa isiguse mti. Lakini kwa fedha ya familia ya kawaida, ushauri wangu ni piano ya umeme yenye vitufe 88 vya uzito, ambavyo chini yake mna nyundo ndogo badala ya springi. Haina uzi wa kuota kutu, na vidole vitajifunza. Halafu tafuteni mahali penye piano ya kweli ambapo binti ataruhusiwa kukaa saa mbili kila Jumamosi, kwa sababu pedali, zile za kukanyagwa kwa mguu, na mwitikio wa nyuzi havifundishwi vizuri na umeme.

Binti wa Pangani

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Fundi. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, sasa ninafundisha muziki Tanga mjini, na nilibahatika kuhudhuria mafunzo ya majira ya joto ya wapiga piano katika shule ya Chetham's, Manchester, nikiwa na miaka 19. Nilitokea kwenye kinanda kama yeye, kwa hiyo swali hili limenigusa.

Kwanza mjue kwamba matamasha haya si ya aina moja, na mkikosea aina, mtoto ataumia bure. Yapo yanayochagua wachache sana kwa usaili, kama akademia ya tamasha la Verbier huko Uswisi, lililoanza mwaka 1994 katika mji wa milimani, au ya Aspen, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, iliyoanza mwaka 1949 na ambayo huchukua wiki kadhaa. Wanaokwenda huko wengi wako vyuoni tayari na wanajiandaa kuishi kwa muziki. Yapo ambayo kwa hakika ni ya wasikilizaji, kama lile la La Roque-d'Anthéron, kusini mwa Ufaransa, linalofanyika tangu mwaka 1981. Nililihudhuria kama msikilizaji: jukwaa kuu liko nje, katika bustani yenye miti mikubwa, na jua linapozama nyenje huimba pamoja na piano mpaka giza liwanyamazishe. Na yapo ya aina ya Manchester, ambayo kwa kweli ni shule zenye maonyesho ya jioni, zikipokea watu wa rika na viwango mbalimbali, mtoto na mzee wakikaa meza moja wakati wa chakula. Kwa binti yetu ningechagua aina hii ya tatu bila kusita.

Kinachofanyika huko ni hiki. Unapata masomo ya ana kwa ana na walimu, unapewa vyumba vya kufanyia mazoezi, na kuna darasa la hadhara, ambalo nataka niliseme kwa urefu kwa sababu ndilo lililonibadilisha. Mwanafunzi anapiga mbele ya mwalimu na watu walioketi, kisha mwalimu anamfundisha hapo hapo, wote wakisikia. Nilipiga sehemu ya kwanza ya sonata ya Mozart. Mwalimu alinisimamisha kwenye mstari wa pili, na kwa dakika 40 hatukuvuka ukurasa wa kwanza. Nilidhani nimeaibika. Kisha akaniomba niuimbe wimbo wa mkono wa kulia, nami kwa hofu nikauimba kwa solfa, kama tulivyozoea kwenye kwaya. Ukumbi ulitulia. Akaniuliza nilijifunza wapi kujua pa kuvuta pumzi, nikamwambia, kanisani. Akasema, basi piga na pumzi hizo hizo. Tangu siku ile sijawahi kuiona solfa kama kitu cha kuanzia tu. Mwalimu, ulichompa binti huyo ni kikubwa kuliko unavyodhani, na wengi atakaowakuta huko hawana.

Kwa yale yanayotaka usaili, hutumwa video isiyokatwakatwa, kipande kimoja kwa mpigo mmoja, mikono na uso vikionekana, na vipande viwe vya tabia tofauti. Video hiyo lazima ipigwe kwenye piano iliyotuniwa. Muda wa kuomba mara nyingi ni kati ya Desemba na Machi, na ukisubiri mpaka Mei umechelewa. Kwa Uingereza, viza ya matembezi huombwa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari. Kwa Uswisi na Ufaransa, kuanzia miezi sita. Kwa kuwa hajafika miaka 18, ridhaa ya wazazi kwa maandishi ni ya lazima, na mtu mzima atakayempokea na kukaa naye ajulikane, jambo ambalo mama mdogo anaweza kulifanya.

Nina onyo moja linalotokana na fedha yangu mwenyewe. Nilipokuwa nikitafuta mara ya kwanza, niliandikiwa na waandaaji wa tamasha fulani walionikubali siku hiyo hiyo bila kunisikia nikipiga, wakanitaka nilipe ndani ya siku tatu. Nililipa amana na sikuiona tena. Anayekukubali bila hata kuuliza unapiga nini hana haja ya kukusikia.

Kuhusu mwaka: Agosti hii asiende. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Lakini baada ya mtihani ana miezi zaidi ya sita kabla ya kuripoti kidato cha tano, na hapo ndipo piano ya kweli itafutwe kwa udi na uvumba. Hatapata tena nafasi kama hiyo ya kuketi saa nne kwa siku. Akishachaguliwa, mkamwombee ruhusa ya Agosti kwa mkuu wa shule mpya mapema.

Mkazi wa Dunda

Nimesoma kwa heshima, na binti huyu namtakia heri. Hata hivyo naomba niulize wazi: Bagamoyo tuna taasisi ya sanaa, tuna tamasha letu la kila mwaka tangu miaka ya 1980, tuna ngoma na marimba. Kwa nini kipaji kama hiki kipelekwe mbali kwa ajili ya chombo ambacho si chetu?

Mzee wa Chumbageni

Mwanangu wa Dunda, swali lako ni la haki, na mimi niliyefundisha muziki mpaka nikastaafu nimelibeba miaka mingi. Jibu langu linaanzia hapo hapo ulipo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Ujiji na Tabora ilishusha pembe za ndovu Bagamoyo, mabegani mwa wapagazi, wengine wa kulipwa na wengine watumwa. Zikavushwa kwa majahazi hadi Unguja, na shehena kubwa ikaendelea mpaka jimbo la Connecticut nchini Marekani, ambako viwanda vya Deep River na Ivoryton vilizichana kuwa vibamba vyembamba vya kuvika vitufe vyeupe vya piano. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa sababu ni laini na hupokea jasho la kidole. Biashara ya kimataifa ya pembe ilikatazwa mwaka 1989, na piano za leo zina plastiki. Lakini vipo vitufe vya zamani, katika sebule za watu wasioijua Bagamoyo hata kwa jina, ambavyo vilipita katika mchanga wa ufuko wako. Tuliilipia piano kwa mabega ya watu wetu. Mtoto wa Bagamoyo akiketi mbele yake, simwoni kuwa mgeni.

Pia Waafrika wameitungia. Akin Euba wa Nigeria alizungumzia upigaji wa piano wa Kiafrika, yaani kuifanya piano iseme kwa midundo na mpangilio wa ngoma na marimba, na Kwabena Nketia wa Ghana aliandika vipande 12 vya kufundishia kwa njia hiyo. Ningependa binti aende na kipande kimoja cha namna hiyo, na kingine alichokipanga mwenyewe kutokana na mdundiko.

Kwa Mwalimu nina neno la kiufundi. Piano za wakati wa Mozart nazo zilikuwa na vitufe 61, ila zilianzia kwenye F ya chini, wakati kinanda chenu bila shaka kinaanzia C iliyo juu yake, kwa hiyo nota za besi za Mozart zitamkatikia. Nyimbo nyingi za Bach za kinanda huenea ndani ya oktava nne (oktava moja ni kutoka C moja hadi C inayofuata), nazo anaweza kuzimaliza zote hapo hapo kanisani bila kupungukiwa na nota. Aendelee na Bach.

Mama mdogo naye asiogope. Awahi, maana milango hufungwa onyesho likianza na aliyechelewa husubiri nje mpaka kipande kiishe. Sonata huwa na sehemu tatu au nne zenye ukimya katikati, na desturi ya sasa ni kutopiga makofi mpaka sehemu zote ziishe. Asipokuwa na hakika, amtazame mpigaji, ambaye huinuka mwenyewe. Sisi tuliokulia kwenye taarab, ambako mtu huinuka katikati ya wimbo akamtunza mwimbaji, huuona ukimya huo kama ubaridi, lakini si hivyo: nota ya mwisho ya piano hufa polepole, na watu wanaingoja ife. Wala desturi hiyo si ya tangu mwanzo. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris kwa furaha kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfoni yake, na hata onyesho la mtu mmoja na piano yake lilikuwa jambo jipya mpiga piano Liszt alipolitangaza London mwaka 1840. Akipata kuchagua kiti, akae upande wa kushoto, aione mikono. Na asiishie kwenye maonyesho ya jioni. Yale madarasa ya hadhara aliyoyaeleza Binti wa Pangani mara nyingi huruhusu wasikilizaji, na asiyejua piano hujifunza kusikiliza huko kwa haraka zaidi, kwa sababu husikia kipande kikiwa kibaya kidogo, kisha kikiwa kizuri, na sababu ikitajwa.

Mwalimu wa Kwaya, Bagamoyo

Ninawashukuru wote, na Mzee, habari ya pembe nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Jana jioni nilikaa na wazazi. Tumekubaliana kwamba Agosti hii haendi, afanye mtihani wake. Mama mdogo amekubali sehemu ya mchango wake inunulie piano ya umeme ya vitufe 88, na iliyobaki ingoje mwakani. Niliposoma kwa sauti habari ya solfa, binti aliinamisha kichwa, kisha akauliza kama anaweza kuanza kuimba fuga sauti moja huku akipiga mbili. Nimemwambia ajaribu.

Fundi, nina ombi. Nimekumbuka kwamba kuna piano ya wima katika ukumbi mmoja wa zamani hapa mjini, imefungwa kwa miaka na hakuna anayeijali. Leo asubuhi nimeomba ufunguo nikaifunua. Vitufe vinne havirudi vikibonyezwa, na sauti zimeshuka, lakini zimeshuka kwa pamoja, karibu nusu toni, yaani hatua ya kitufe kimoja, kuanzia besi mpaka juu. Wenye ukumbi wamesema tukiitengeneza binti ataruhusiwa kila siku baada ya Novemba. Mmoja wao alitaka kuvimiminia mafuta vile vitufe vilivyokwama, nikamzuia mpaka nikuulize.

Fundi wa Nyuzi, Tanga

Umefanya vyema kumzuia. Mafuta huingia kwenye mti na sufu, na hayatoki tena. Vitufe visivyorudi mara nyingi huwa ni unyevu uliovimbisha matundu ya pini, kazi ya siku moja. Sauti kushuka kwa pamoja ni dalili njema kuliko zingeshuka kwa kuruka, kwa maana vigingi huenda bado vinashika. Nitaipandisha kwa awamu, kwa sababu uzi wa zamani ukikazwa nusu toni kwa siku moja unaweza kukatika. Fungua ubao wa chini ulio juu ya pedali, nipigie picha ndani, na uangalie kama kuna unga wa mchwa sakafuni. Masika yakiisha nitapanda basi nije. Msiihamishe kabla sijafika.